Ira Remsen: Utamu uliomtia uchungu

Mwanakemia Ira Remsen, Mmarekani aliyezaliwa 1846, hakuwa mtu wa kukimbizana na mali. Mwaka 1879, katika maabara yake Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mzaliwa wa Urusi Constantin Fahlberg alitoka kazini bila kunawa vizuri, akala mkate na kushangazwa na utamu wake. Ndiyo iliyokuwa sakarini. Ugunduzi waliuchapisha pamoja, lakini hakimiliki Fahlberg akajisajilia peke yake. Remsen hakulilia fedha. Kilichomkera ni kunyimwa sifa.

Ajabu ni kwamba mwaka 1908 Rais Theodore Roosevelt, mtumiaji wa sakarini, alimteua kuongoza jopo la usalama wa vyakula. Jopo hilo liliamua kuwa gramu 0.3 kwa siku hazidhuru. Hata hivyo, serikali iliizuia vyakulani mwaka 1912. Remsen alifariki 1927.