Mwalimu Shamte na Hesabu ya Viti

Mwalimu wa historia anayefundisha Zama za Siasa katika skuli za Chake Chake hujua kuwa nusu ya somo lake imekwisha kufundishwa nyumbani, na kwamba nyumba mbili za mtaa mmoja hazikulifundisha kwa namna moja. Likitajwa jina la marehemu Mohamed Shamte Hamadi, wako wanafunzi wanaotabasamu na wako wanaoinamisha macho. Ndiyo maana walimu wengi hulipita jina hilo haraka. Sisi tunaona kuwa maisha ya mtu huyu yafaa kufundishwa kwa utulivu, na kwamba njia iliyo bora ni kuanzia kwenye hesabu.

Shamte alikuwa Mpemba, na kabla ya kuingia katika siasa alikuwa mwalimu wa skuli. Hatulitaji jambo hili kwa ajili ya kuisifu kazi yetu. Katika kisiwa ambacho waliosoma skuli za serikali walikuwa wachache, mwalimu alijulikana mbali na kijiji chake, na neno lake lilisikilizwa.

Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar liliundwa mwaka 1926, lakini hakuna Mwafrika aliyeteuliwa kuingia humo hadi mwaka 1946. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, kwa viti 6 tu, na wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura. Pemba ilipewa viti 2. Kimoja kilichukuliwa na Shamte, cha pili na Ali Sharif Musa, na baadaye wote wawili wakawa upande wa Afro-Shirazi Party, chama cha Sheikh Abeid Amani Karume. Umoja huo haukudumu. Mwaka 1959 walijitoa wakaunda chama cha ZPPP, na Shamte akawa rais wake.

Hapa mwalimu asikimbilie kumhukumu mtu. Kwanza aieleze nchi. Pemba ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na Washirazi wengi wa hapa walikuwa na mashamba yao wenyewe. Walioana na Waarabu na kuishi nao kwa ujirani ambao haukuwako kwa kiasi hicho Unguja. Siasa iliyojengwa juu ya malalamiko ya Unguja haikuweza kumwingia kila Mpemba moyoni, na Shamte alilijua hilo.

Uchaguzi wa Januari 1961 ndio moyo wa somo. Viti vilikuwa 22. ASP ilipata 10, Hizbu 9 na ZPPP 3, vyote vitatu vya Pemba. Kiti cha Chake Chake kilikwenda kwa ASP kwa kura moja. Wajumbe 3 wa ZPPP nao hawakukubaliana: wawili, Shamte akiwa mmoja wao, walielekea kwa Hizbu, na wa tatu akaelekea ASP. Ikawa 11 kwa 11, na serikali ya kudumu haikuweza kuundwa. Mwanafunzi aambiwe aihamishe ile kura moja ya Chake Chake, kisha ahesabu upya. Atajionea mwenyewe kuwa sare isingekuwako, na pengine hata uchaguzi wa pili usingehitajika.

Uchaguzi wa pili ulifanyika tarehe 1 Juni 1961. Kiti cha 23 kiliongezwa hapa Pemba, Mtambile, kikachukuliwa na Hizbu. Matokeo yakawa ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Ghasia za siku hizo Unguja ziliua watu 68, nao wengi walikuwa Waarabu. Katika hali hiyo Shamte, kiongozi wa chama kidogo kuliko vyote vitatu, aliapishwa kuwa Waziri Kiongozi. Hizbu walikuwa na viti vingi kuliko yeye, lakini bila yeye wasingetawala.

Mazungumzo ya London ya mwaka 1962 hayakuleta makubaliano, kwa kuwa ASP ilitaka uchaguzi mwingine kabla ya hatua nyingine yoyote. Uchaguzi huo ukafanyika Julai 1963, baada ya nchi kupata serikali ya ndani. ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu ilipata 12 na ZPPP 6. Shamte alibaki Waziri Mkuu kwa viti 18, na tarehe 10 Desemba 1963 alipokea uhuru chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah.

Kwa maoni yetu, kosa lake kubwa halikuwa kuungana na Hizbu, maana kila mjumbe ana haki ya kuchagua wenzake. Kosa lilikuwa kuendesha nchi kana kwamba zaidi ya nusu ya wapiga kura hawakuwako. Serikali yake iliwaachisha kazi askari polisi wengi waliotoka bara, watu walioyajua maghala ya silaha, na mapema Januari 1964 ikakipiga marufuku chama cha Umma. Usiku wa kuamkia tarehe 12 mwezi huo Mapinduzi yalianza. Shamte na mawaziri wenzake walikamatwa na kutiwa gerezani. Alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru kwa muda wa siku 33.

Tulipolijaribu somo hili darasani tuliandika ubaoni tarakimu peke yake, bila jina la chama wala la mtu, na tukawaacha wanafunzi waunde serikali. Majina tuliyaandika mwisho. Siku iliyofuata, wawili kati yao walikuwa wamekwenda kuwauliza bibi zao, ambao walipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka ule wa 1961. Kila mmoja alirudi na jina la mtu aliyeitia ile kura moja ya Chake Chake, na majina hayo hayakuwa mamoja.