Ibn Fadhlan na Moto wa Mbinguni

Mwaka mmoja nilikuwa mgeni Sangailu, huko Garissa. Baada ya sala ya isha tuliketi mkekani, nyota zimetanda. Mtoto wa mwenyeji wangu akaniuliza kama ni kweli iko nchi ambayo mbingu zake huwaka moto usiku. Nilitaka kumjibu kuwa hizo ni ngano. Nikajizuia, nikamsimulia habari za Ahmad bin Fadhlan.

Bwana huyu alitoka Baghdad mwaka 921 katika ujumbe wa Khalifa al-Muqtadir kwa mfalme wa Wabulghari, kando ya mto Volga, katika Urusi ya leo. Walifika Mei 922. Yeye ndiye aliyemsomea mfalme barua ya Khalifa. Lakini dinari 4,000 alizoahidiwa mfalme ajengee ngome hazikufika, na hasira zote zikamwangukia Ibn Fadhlan.

Usiku wao wa kwanza, jua likizama, mbingu ziliiva wekundu. Aliona mawingu mfano wa moto, na ndani yake maumbo ya watu na farasi wenye silaha, yakishambuliana, yakichanganyika na kuachana. Wageni wakaingiwa na hofu, wakaomba dua, wenyeji wakawacheka. Mfalme akamweleza kuwa kwa kauli ya wazee wake, hao ni majini waumini na makafiri wakipigana.

Wataalamu wengi wanaona kuwa hizo ni nuru za kaskazini. Chembe zitokazo kwenye jua huongozwa na usumaku wa dunia kuelekea kwenye ncha zake, zikagonga hewa kilomita 100 na zaidi juu yetu, nayo ikang'aa. Jua likichafuka sana, usumaku huvurugika na nuru huonekana hata mbali na ncha. Sisi wa ikweta hazitufikii.

Huko pia usiku ulikuwa mfupi mno: alipokuwa akizungumza hemani akingojea adhana ya isha, alisikia adhana, akatoka, kumbe alfajiri imeingia!

Katika kitabu chake, ambacho nakala yake iligunduliwa Mashhad mwaka 1923, aliyoyaona aliyaandika kuwa ameyaona, na aliyoambiwa kuwa ameambiwa. Hata mfalme yule aliyemkasirikia alimpa heshima, akamwita Abu Bakr Mkweli.

Mtoto akatazama juu, kisha akaniuliza kama mimi nimeziona nuru hizo. Nikamwambia la, mwanangu, nimesoma tu.