Hermann Lehmann

Hermann Lehmann (Halle, Ujerumani, 8 Julai 1910 - Cambridge, Uingereza, 13 Julai 1985) alikuwa daktari na mwanabiokemia. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu.

Maisha

Alisomea udaktari Ujerumani, lakini kwa kuwa alikuwa Myahudi alizuiwa kufuzu huko chini ya utawala wa Wanazi. Alipata shahada yake Basel, Uswisi, mwaka 1934, na mwaka 1936 alihamia Cambridge. Mwaka 1940 Waingereza walimweka kizuizini kwa muda kama raia wa nchi adui. Baadaye alihudumu katika jeshi lao kama daktari.

Uganda

Kuanzia mwaka 1947 alifanya kazi katika Chuo cha Makerere, Kampala, akichunguza utapiamlo na upungufu wa damu. Pamoja na Alan Raper alipima damu ya watu wa makabila mbalimbali ili kuwatambua wabebaji wa selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Mwaka 1949 walionyesha kwamba wabebaji walikuwa wachache sana katika baadhi ya makabila, lakini walizidi asilimia 40 kati ya Baamba, karibu na milima ya Ruwenzori.

Walidhani tofauti hizo zilitokana na asili ya makabila. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha sababu nyingine: mwenye jeni moja ya selimundu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Anayerithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Jeni na protini

Ili kutengeneza protini, seli hunakili maagizo ya DNA katika RNA. Ribosomu husoma nakala hiyo herufi tatu tatu, na kila tatu huita asidi amino moja. Mnyororo wa beta wa himoglobini una asidi amino 146. Vernon Ingram aligundua huko Cambridge kwamba katika selimundu moja tu imebadilika: ya sita ni valini badala ya asidi glutamiki. Katika RNA, GAG imekuwa GUG.

Baada ya Uganda, Lehmann alifanya kazi London, kisha akawa profesa Cambridge (1967-1977). Alichunguza damu kutoka nchi nyingi na kutambua aina nyingi mpya za himoglobini. Nyingi hutofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja, badiliko linaloelezwa na herufi moja ya jeni. Hivyo damu ya wagonjwa ilithibitisha jinsi maagizo ya jeni yanavyosomwa.

Umuhimu

Tanzania ni kati ya nchi ambako watoto wengi huzaliwa na selimundu. Kazi ya Lehmann na wenzake ilionyesha kwamba ugonjwa huo hautokani na uchawi wala kosa la mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa.