John Cobb na Deni la Upepo

Ama leo, wasomaji wapenzi, nataka tumkumbuke mtu aliyeujua upepo kama nahodha anavyoujua, ijapokuwa chombo chake kilikuwa gari. Naye ni John Cobb, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1899, mfanyabiashara wa ngozi za manyoya mjini London.

Vijana huniuliza: yawezekanaje kukisia nguvu za injini ya gari la mashindano bila kufungua boneti? Mimi huwajibu kwa habari za Cobb. Gari likifika upeo wa mwendo wake haliongezi tena. Hapo nguvu zote zaliwa na upepo, ukiacha zile zinazopotea katika gia na magurudumu. Lakini deni la upepo ni kali. Ukizidisha mwendo mara 2, gari hukumbana na hewa mara 2 zaidi, na hewa hiyo husukumwa kwa kasi mara 2; basi kizuizi huwa mara 4. Na kwa kuwa njia ile ile yakatwa kwa nusu ya wakati, nguvu zinazotakiwa ni mara 8.

Mwaka 1938, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, Cobb alishindana na Mwingereza mwenziwe, George Eyston. Gari la Eyston, Thunderbolt, lilikuwa na injini 2 za ndege za Rolls-Royce zilizokisiwa kuwa na nguvu za farasi 4,700, nalo likafika kilomita 575 kwa saa. Cobb alikuwa na injini 2 za zamani za Napier Lion, jumla farasi kama 2,500 tu. Mwaka ule Eyston ndiye aliyeondoka na ushindi.

Hata hivyo mhandisi wa Cobb, Reid Railton, hakutafuta farasi, alitafuta umbo. Gari alilifanya laini mfano wa gamba la kobe, magurudumu yamefunikwa, dereva kaketi mbele kabisa, na injini zapozwa kwa barafu ili rejeta isikamate upepo. Mwaka 1939 Cobb aliivunja rekodi ya Eyston, na tarehe 16 Septemba 1947 akaenda wastani wa kilomita 634. Nimepiga hesabu: lau gari lake lingezuiwa na upepo sawa na Thunderbolt, lingetaka farasi kama 6,300. Kwa hiyo nawaambia vijana, mwendo peke yake hautoi jibu. Shurti ulijue na umbo.

Rekodi hiyo ilidumu hadi miaka ya 1960, lakini mwenyewe hakuwahi kuona ikivunjwa. Tarehe 29 Septemba 1952 alitafuta rekodi ya majini katika ziwa la Loch Ness, Scotland. Boti yake ilipita kilomita 320 kwa saa, ikakumbana na mawimbi, ikasambaratika. Maji hayana simile kama upepo. Cobb alifariki akiwa na miaka 52, na wenyeji wa pale wakamjengea mnara wa mawe kando ya ziwa.