Moïse Tshombe: mtoto wa mfanyabiashara aliyemalizia utawala wake Kolwezi

Moïse Kapenda Tshombe alifariki tarehe 29 Juni 1969 akiwa kifungoni Algeria, mbali na Musumba, alikozaliwa tarehe 10 Novemba 1919. Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, leo iko katika jimbo la Lualaba.

Baba yake, Joseph Kapenda Tshombe, alikuwa kati ya Wakongomani wachache waliotajirika wakati wa ukoloni. Familia ilikuwa na maduka, mashamba na hoteli. Moïse alisoma kwa wamisionari Wamethodisti, akajifunza uhasibu, akaoa Ruth, binti wa Mwant Yav. Baba alipokufa mwaka 1951, biashara ya familia ikabaki mikononi mwake. Haikumwendea vizuri, na ndugu walilazimika kumwokoa na madeni. Akageukia siasa, akaongoza chama cha CONAKAT.

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya inchi kupata uhuru, alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Kodi za Union Minière zikabaki Elisabethville, leo Lubumbashi, badala ya kwenda Léopoldville. Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba aliuawa Katanga, na doa hilo halijamtoka Tshombe mpaka leo.

Mwisho ulifika Kolwezi. Januari 1963, askari wa Umoja wa Mataifa waliposonga mbele, Tshombe alikimbilia huko na wanajeshi wake pamoja na mamluki wa kizungu. Alitishia kulipua viwanda vya shaba na mabwawa ya umeme, likiwemo bwawa la Nzilo kwenye mto Lualaba. Union Minière haikutaka mali yake iharibiwe. Tarehe 14 Januari alikubali kuacha kujitenga, na tarehe 21 askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia Kolwezi bila vita.

Mwaka 1964 alirudi kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima. Rais Kasavubu alimwachisha kazi Oktoba 1965. Chini ya Mobutu alihukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani, kisha tarehe 30 Juni 1967 ndege aliyopanda kutoka kisiwa cha Ibiza, Uhispania, ilitekwa na kupelekwa Algiers.

Alizikwa Ubelgiji. Wanajeshi wake wa zamani waliokimbilia Angola waliiteka Kolwezi Mei 1978, na wakaaji wengi wakauawa. Bwawa la Nzilo lingali linatoa umeme.