DOBI ALIYETAJIRIKA KWA CHANUO NA KOPO LA MAFUTA

Usiku wa kuamkia Idi, katika nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu, utawakuta kina mama na mabinti zao wamekaa uani, mmoja mkekani na mwenziwe nyuma yake juu ya kibao, kichupa cha mafuta ya nazi kando. Wengine husuka, wengine huchoma nywele kwa chanuo la chuma lililolazwa juu ya makaa. Leo, wasomaji wangu, nataka kuwasimulia habari za mama mmoja wa Marekani ambaye jina lake hutajwa kila chanuo hilo linapozungumzwa, na aghalabu hutajwa kwa makosa. Husemwa kuwa ndiye aliyelibuni. Si kweli. Machanuo ya kutia motoni yalikwisha kuuzwa Ulaya na Marekani kabla yeye hajaanza biashara. Alilolifanya ni jingine, na mimi naliona kubwa zaidi.

Alizaliwa tarehe 23 Desemba, 1867, mahali paitwapo Delta katika jimbo la Louisiana, akaitwa Sarah Breedlove. Wazazi wake, Owen na Minerva, walikuwa wametumikishwa utumwani katika shamba la pamba, naye ndiye mtoto wao wa kwanza kuzaliwa huru. Alipotimu miaka 7 alikuwa yatima wa baba na mama. Akalelewa na dada yake katika nyumba ya shemeji mkali, na alipofika miaka 14 akaolewa, akitafuta makao kuliko mume. Akiwa na miaka 20 alikuwa mjane, na binti yake Lelia yungali mdogo.

Akamchukua mwanawe wakaenda mji wa St. Louis, ambako ndugu zake wa kiume walikuwa vinyozi. Huko alifua nguo za watu miaka mingi, kwa ujira usiozidi sana dola moja kwa siku, mikono ndani ya sabuni kali na kichwa juu ya mvuke wa pipa. Nywele zake zikaanza kukatika, hata zikabaki mabaka.

Wala si yeye peke yake. Nyumba za maskini wa siku hizo hazikuwa na mfereji, na kuosha nywele ilikuwa kazi ya kufanywa mara chache, hasa wakati wa baridi. Mba ukizidi, ngozi ikipata vidonda, nywele hazina pa kushika. Sisi tuliozoea maji na josho twaweza kushangaa, lakini mwenye kuteka maji kwa ndoo katika barafu hatushangai.

Mtu aliyemfungua macho alikuwa mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo, aliyekuwa akiuza dawa yake ya nywele mjini humo. Sarah aliitumia, kisha akawa mmoja wa wauzaji wake. Mwaka wa 1905 alihamia Denver, akafanya kazi ya kupika, na jioni akajaribu kuchanganya dawa yake mwenyewe. Mwaka wa 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu mjuzi wa matangazo ya magazeti, naye akajiita Madam C. J. Walker. Ndoa ilivunjika mwaka wa 1912, jina likabaki.

Yeye alisimulia kuwa mchanganyiko ule alioteshwa, kwamba mtu mweusi mwenye umbo kubwa alimjia usingizini akamtajia vitu vya kutia, vingine vya kutoka Afrika. Mimi ndoto ile naiona tangazo zuri la biashara. Ndani ya kopo mlikuwa na kibiriti kile kile ambacho wazee wetu hukiita kibiriti upele, mafuta ya mgando, nta ya nyuki, na mafuta ya nazi. Annie Turnbo naye alikuwa akitumia kibiriti, na alilalamika hadharani kuwa ameigwa. Malalamiko yake yalikuwa na msingi, na haki ni kumtaja kila atajwapo mwanafunzi wake.

Lakini kopo la senti 50 lisingefika mbali bila mafunzo. Madam Walker alifundisha utaratibu: kwanza osha kichwa kwa sabuni ya maji isiyochoma, sugua ngozi kwa brashi mpaka magamba ya mba yatoke, kisha paka dawa kwenye ngozi. Ndipo zije mafuta mepesi ya kung'arisha, na mwisho kabisa chanuo la moto. Chanuo huachwa lipoe kidogo na kujaribiwa kwenye karatasi au kitambaa; likiunguza kitambaa, litaunguza na nywele. Wako wanaolichukua chanuo lenyewe tu na kuyaacha yaliyotangulia, kisha hulia nywele zimekatika.

Kazi hiyo wanawake waliifanya majumbani mwao, jikoni, kwa majirani zao. Dobi na mpishi waliweza kupata fedha zaidi kwa vichwa vichache kuliko kwa juma zima la kufua. Mwaka wa 1908 alifungua chuo Pittsburgh, na mwaka wa 1910 akajenga kiwanda Indianapolis. Kampuni yake ilidai kuwafunza wanawake karibu 20,000. Mwaka wa 1912, katika mkutano wa wafanyabiashara weusi mjini Chicago, mwenyekiti Booker T. Washington hakutaka kumpa nafasi ya kusema. Akainuka bila kuitwa, akawaeleza wanaume wale safari yake kutoka shamba la pamba hadi kiwanda kilichosimama juu ya ardhi yake. Mwaka uliofuata alialikwa rasmi.

Wako waliomlaumu, wakisema anawafundisha wanawake weusi kuiga nywele za Wazungu. Yeye alikana kuwa mnyoosha nywele. Alisema kazi yake ni kuponya ngozi na kukuza nywele. Jibu hilo si kamili, maana chanuo lilikuwamo katika mkoba wa kila muuzaji wake. Lakini kuna jambo linalonifanya nimsikilize: maisha yake yote hakuuza dawa ya kuchubua ngozi, ingawa soko lilikuwapo. Kampuni ilianza kuiuza baada ya kufa kwake. Kwetu, ambako mkorogo umeharibu nyuso za mabinti wazuri, tofauti hiyo si ndogo. Masuala ya halali na haramu nawaachia masheikh.

Fedha alizitumia. Mwaka wa 1917 alikwenda Ikulu ya Washington pamoja na viongozi wa Harlem kudai sheria dhidi ya kuuawa kwa watu weusi na magenge ya Wazungu; Rais Wilson hakuwapokea. Mwaka huo huo aliwakusanya wauzaji wake zaidi ya 200 mjini Philadelphia, na aliwatunza si wenye mauzo makubwa tu, bali pia waliotoa sadaka nyingi.

Alifariki tarehe 25 Mei, 1919, kwa maradhi ya figo na shinikizo la damu, akiwa na miaka 51, katika jumba alilokuwa amelimaliza mwaka mmoja tu nyuma yake kando ya mto Hudson. Wasia wake uliagiza theluthi mbili ya faida za baadaye zitolewe kwa mambo ya kheri. Binti yake alishika kampuni hadi alipokufa mwaka wa 1931, na kampuni yenyewe ilifungwa mwaka wa 1981.