Ronald Ross na Hesabu ya Mbu

Zamani watu wengi walidhani kuwa malaria huletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Daktari Ronald Ross alionyesha kosa hilo.

Ross alizaliwa India mwaka 1857. Baba yake alikuwa mwanajeshi. Kuanzia mwaka 1895 alipasua mbu mmoja mmoja. Fikiri udogo wa mbu! Mwaka 1897 aliona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu. Mwaka 1902 alipewa Tuzo ya Nobel.

Wengi walisema kuwa mbu hawawezi kuuawa wote. Ross akashika kalamu, akapiga hesabu. Akaona si lazima kuwamaliza. Wakipungua chini ya kiasi fulani, malaria itakwisha polepole. Alifariki London mwaka 1932.

Wataalamu waliomfuata waliingiza majira katika hesabu hiyo. Wewe wa Tukuyu unaijua baridi. Katika baridi vijidudu huchelewa kukomaa ndani ya mbu, na mbu wengi hufa kabla. Lakini shuka Kyela, kwenye joto. Mvua zikinyesha, madimbwi hujaa na mbu huzaliana upesi. Kwa hiyo dawa ya kupuliza ukutani hufaa zaidi ikipulizwa kabla ya mvua.